Wanawake 14 wa Bethesda: historia ya dawa ya kansa ya ovari inayoendelea kutafutwa

Mwezi wa kumi mwaka 2006, jarida moja la kisayansi la Marekani lilichapisha taarifa juu ya wanawake 14 wenye kansa ya ovari. Kwa wote, kansa ilikuwa imekwisha kusambaa. Madaktari wa Taasisi ya Taifa ya Kansa, mjini Bethesda karibu na Washington, waliwatoa damu, wakachagua ndani yake chembe za kinga, wakazitia jeni mpya, wakazizalisha katika labo hadi zikawa mabilioni, kisha wakazirudisha mwilini kwa njia ya serumu. Matokeo waliyaandika bila kuficha: hakuna hata mwanamke mmoja ambaye uvimbe wake ulipungua.

Leo njia hiyohiyo ya kubadilisha chembe za kinga ni habari kubwa duniani. Imewainua kitandani watoto na watu wazima wenye kansa ya damu, watu ambao walikuwa wameambiwa hakuna dawa iliyobaki. Mara nyingi historia yake husimuliwa kuanzia Philadelphia mwaka 2010, kana kwamba ilianza kwa ushindi. Haikuanza hivyo. Moja ya majaribio yake ya kwanza kwa binadamu lilifanywa kwa wanawake wenye kansa ya ovari, na wanawake wa namna hiyo wangali wanangoja.

Ugonjwa unaojificha

Ovari ni vile viungo viwili vya mwanamke vinavyotunza mayai ya uzazi. Kila kimoja kina ukubwa wa karanga yenye ganda, nacho kimekaa ndani kabisa ya nyonga, mahali ambapo mkono haufiki na jicho halioni. Uvimbe unaoanza pale una nafasi kubwa ya kukua bila kumsumbua mtu. Ukianza kuuma, mara nyingi chembe zake zimekwisha kumwagika tumboni na kushika kwenye utumbo, kwenye ini na kwenye ngozi nyembamba inayozunguka matumbo. Mwaka 2022, kulingana na hesabu za kimataifa, wanawake zaidi ya 320,000 waligunduliwa kuwa na kansa hii, na zaidi ya 200,000 walikufa nayo.

Matibabu ya kawaida ni kupasuliwa na kupewa shimioterapi. Dawa ya sisplatini ilikubaliwa Marekani mwaka 1978, na mwaka 1992 ikaja paklitakseli, ambayo asili yake ni maganda ya mti. Dawa hizo zimeokoa wengi na kuwaongezea wengine miaka. Lakini kansa ya ovari iliyosambaa ina tabia moja mbaya: hunyamaza baada ya dawa, mwanamke akarudi nyumbani akashukuru Mungu, kisha baada ya mwaka mmoja au miwili ikarudi, na safari hii dawa ileile haifui dafu. Wale 14 wa Bethesda walikuwa katika hali ya namna hiyo.

Masentineli wa mwili

Mwili una walinzi wake. Mtu wa Goma au Bukavu anaweza kuwafananisha na masentineli wa usiku: wanazunguka uwanja, wanamulika kila uso, na asiye wa nyumba wanamkamata. Walinzi hao ni aina ya chembe nyeupe za damu. Mikrobe inayotoka nje wanaitambua. Kansa ni shida nyingine, kwa sababu kansa ni mtoto wa nyumba aliyeharibika. Sura yake ni ya hapohapo, na sentineli anampita akimpa salamu.

Wazo la kuwaamsha walinzi hao dhidi ya kansa ni la zamani. Mwaka 1891, daktari mpasuaji wa New York, William Coley, alikuwa amemtafuta mgonjwa mmoja ambaye uvimbe wa shingo yake ulitoweka baada ya kushikwa na homa kali ya ugonjwa wa ngozi. Alimpata akiwa hai, mzima. Hapo Coley akaanza kuwachoma wagonjwa wengine sindano za mikrobe ya ugonjwa uleule ili mwili uwake moto. Kuna waliopona, na kuna waliouawa na ugonjwa huo wa kuletewa. Baadaye mionzi ilipokuja, madaktari wengi waliiacha njia yake.

Kwa miaka sabini zaidi, hakuna aliyejua ni chembe gani hasa inayofanya kazi hiyo. Mwaka 1961, mtafiti Jacques Miller, akiwa London, aliwaondolea panya wachanga tezi ndogo ya kifuani iitwayo timusi. Panya wale wakakosa kinga, wakafa kwa maambukizi. Chembe zinazokomaa katika tezi hiyo ndizo zilizopewa jina la seli T, kwa herufi ya kwanza ya timusi. Wauaji wakuu ndani ya mwili ndio hao.

Kisha mwaka 1968, daktari kijana Steven Rosenberg alimpokea katika hospitali moja ya wanajeshi wa zamani, jimbo la Massachusetts, mzee aliyelalamika maumivu ya nyongo. Kwenye karatasi zake iliandikwa kwamba miaka 12 nyuma alikuwa na kansa ya tumbo iliyofika kwenye ini, na madaktari walimrudisha nyumbani akafe. Rosenberg alipompasua hakuona kansa popote. Mwili wenyewe ulikuwa umeifuta. Rosenberg hakulisahau jambo hilo. Alikwenda Bethesda, akawa mkuu wa upasuaji wa Taasisi ya Kansa, na kwa miaka mingi alitafuta namna ya kuwafanya watu wengine wapate kile alichopata mzee yule.

Kumpa sentineli jicho jipya

Hatua iliyobadilisha mambo ilitoka Rehovot, nchini Israeli. Katika Taasisi ya Weizmann, Zelig Eshhar aliona kwamba mwili una silaha mbili ambazo kila moja ina upungufu. Kuna kingamwili, vitu vidogo vinavyoelea katika damu ambavyo vinajua kushika adui barabara, lakini nguvu yao ya kuua ni ndogo. Na kuna seli T, ambazo zinaua vizuri, lakini zinamtambua adui kupitia dirisha moja dogo lililo juu ya kila chembe. Kansa ikilifunga dirisha hilo, seli T haioni kitu. Eshhar akasema: tuchukue kichwa cha kingamwili tukiunge kwenye kiwiliwili cha seli T. Watafiti wa Japani walikuwa wamegusa wazo linalofanana mwaka 1987. Mwaka 1989 Eshhar na wenzake Gideon Gross na Tova Waks wakaonyesha kwamba seli iliyoungwa hivyo inafanya kazi.

Kiungo hicho kiliitwa kipokezi cha kimera, kwa jina la mnyama wa hadithi za Wagiriki mwenye mwili wa simba, mbuzi na nyoka kwa pamoja. Maagizo ya kukitengeneza huandikwa katika jeni, na jeni hiyo huingizwa ndani ya seli ya mgonjwa mwenyewe. Tangu hapo seli ile na watoto wake wote wana jicho jipya.

Mwaka 1990 Eshhar alikwenda Bethesda kufanya kazi na Rosenberg. Swali lilikuwa: jicho hilo limtafute nani? Pamoja na daktari kijana Patrick Hwu walichagua kansa ya ovari, na walikuwa na sababu nzuri.

Kina mama waliopita CPN wanajua vile vidonge vya feri na asidi foliki anavyopewa mjamzito. Asidi foliki ni jamii ya vitamini ambayo kila chembe inayogawanyika inaihitaji, na baadhi ya chembe zina mlango maalumu wa kuiingiza. Katika karibu asilimia 90 ya kansa za ovari mlango huo umejaa juu ya chembe, wakati sehemu nyingi za mwili mzima wana kidogo au hawana kabisa. Kingamwili ya kuushika mlango huo ilikuwa imekwisha kutengenezwa Milano, Italia. Hwu, Eshhar na Rosenberg wakaikata kichwa chake, wakakiunga kwenye seli T. Mwaka 1993 walitangaza kwamba seli hizo ziliua chembe za kansa ya ovari ndani ya vyombo vya labo. Mwaka 1995 panya waliopandikizwa kansa ya ovari ya binadamu wakaishi muda mrefu zaidi walipotiwa seli hizo.

Ndipo likaja jaribio kwa wanawake wenyewe.

Kilichotokea kwa wale 14

Wanane wa kwanza walipewa seli zao zilizobadilishwa pamoja na dozi kubwa ya dawa ya kuzichochea, inayoitwa interlukini 2. Watano kati yao walipata madhara makali, ambayo kwa maoni ya madaktari yalitoka zaidi kwenye dawa hiyo ya kuchochea kuliko kwenye seli, na yakadhibitiwa. Sita waliofuata walipewa seli za namna nyingine, zikifuatwa na aina ya chanjo ya kuziamsha. Hao hawakuumia sana. Uvimbe, kwa wote 14, haukupungua.

Madaktari wangeweza kufunga daftari hapo. Heshima yao ni kwamba waliuliza kwa nini, na waliandika walichokiona. Katika wagonjwa wa kundi la kwanza walizitia seli alama ya mionzi hafifu ili wazifuate kwa mashine. Seli hazikuelekea kwenye kansa. Kwa mwanamke mmoja tu kulionekana alama kidogo kwenye uvimbe wa tumboni. Walipima damu pia: siku mbili za kwanza seli zilikuwa nyingi, kisha zikapungua haraka, na baada ya mwezi mmoja, kwa wagonjwa wengi, hazikuonekana ila kwa shida. Na kwa watatu kati ya sita waliopimwa, damu yenyewe ilikuwa imetengeneza kitu cha kuzizuia.

Kwa lugha ya sentineli: alipewa jicho, lakini hakupewa njia ya kufika kwenye mlango, hakupewa chakula cha kumweka macho zaidi ya usiku mmoja, na wenye nyumba wakaanza kumfukuza yeye. Kati ya shida hizo tatu, ile ya chakula ndiyo ilipata jibu mapema. Seli T inahitaji ishara mbili ili ifanye kazi kwa muda mrefu: ya kwanza ya kuamka, ya pili ya kuvumilia na kuzaana. Kipokezi walichotiwa wanawake wa Bethesda kilitoa ile ya kwanza tu. Wakati taarifa yao inachapishwa, watafiti wengine walikuwa wamekwisha kuunga ishara ya pili: kundi la Michel Sadelain huko New York mwaka 2002, na kundi la Dario Campana huko Memphis mwaka 2004. Rosenberg naye alikuwa ameonyesha mwaka 2002, kwa kansa ya ngozi, kwamba mgonjwa akipewa kwanza shimioterapi ya kupunguza chembe nyeupe za zamani, zile mpya zinapata nafasi na kuishi. Wale 14 hawakupewa msaada huo. Walikuja mapema mno.

Jambo moja zaidi lilionekana katika miaka hiyo, na pengine ndilo lililozuia watu kukata tamaa. Mwaka 2003 Lin Zhang, George Coukos na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichunguza vipande vya uvimbe vya wanawake 186 waliokuwa na kansa ya ovari iliyoendelea. Katika zaidi ya nusu ya vipande hivyo walikuta seli T zimeingia zenyewe ndani ya kansa. Wanawake waliokuwa nazo, asilimia 38 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Wasiokuwa nazo, asilimia 4.5 tu. Ni kusema kwamba sentineli wa kawaida, bila kubadilishwa na mtu, hupambana na kansa hii pale anapofaulu kuingia.

Mume wa mgonjwa

Katika chuo hichohicho alikuwapo Carl June. Alikuwa daktari wa jeshi la majini la Marekani, na kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kuzalisha seli T za watu wenye virusi vya SIDA. Mwaka 1996 mke wake, Cynthia, aligunduliwa kuwa na kansa ya ovari. June amesimulia mwenyewe hadharani jinsi alivyojaribu kutafuta tiba ya kinga kwa ajili yake wakati akiwa bado katika labo za SIDA. Cynthia alikufa mwaka 2001, akaacha watoto. Baada ya hapo mume alielekeza nguvu zake kwenye kansa.

Alichojifunza kwa SIDA hakikupotea. Ili jeni iingie ndani ya seli T inahitaji mbebaji, na katika dunia ya viumbe hakuna anayejua kuingia seli T kama virusi vya SIDA vyenyewe. Mwaka 1996 watafiti wa Taasisi ya Salk, California, walionyesha kwamba virusi hivyo vinaweza kutolewa sehemu za kuleta ugonjwa, likabaki gamba lenye uwezo wa kubeba mzigo tu. June na mwenzake Bruce Levine walikuwa wa kwanza kutumia mbebaji wa aina hiyo kwa binadamu, mwaka 2003.

Hapa historia hii inagusa Congo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulifuata mizizi ya virusi vya SIDA vilivyoenea duniani ukafika Kinshasa, wakati ule Léopoldville, karibu mwaka 1920. Damu ya zamani kuliko zote iliyokutwa na virusi hivyo ilichukuliwa katika mji huohuo mwaka 1959. Virusi vilivyotawanyika kutoka bandari na reli za mkoloni, vikaua mamilioni, ndivyo leo, vikiwa vimeng'olewa meno, vinavyobeba jeni ya kumponyesha mgonjwa wa kansa. Watu wakisikia jambo hilo huogopa, na kuogopa kwao kunaeleweka. Lakini kilichobaki katika mbebaji huyo hakiwezi kuzaana wala kuleta SIDA.

June hakuanza na ovari. Alianza na kansa ya damu, na sababu ni ya kiufundi: chembe za damu za aina ya B zina alama yao ambayo haipo kwingine, na mtu anaweza kuishi bila chembe hizo. Tena kansa ya damu haijifichi nyuma ya ukuta. Iko palepale seli T zinapopita. Mwaka 2010 pesa zilitosha wagonjwa watatu tu. Wawili kansa yao ilitoweka isionekane, wa tatu ikapungua sana. Mwezi wa nne mwaka 2012 akatibiwa mtoto wa kwanza, Emily Whitehead, wa miaka 6. Seli zilipoanza kuua kansa, mwili wake uliwaka homa kali hata akawekwa kwenye mashine ya kupumua. June alifahamu dawa moja ya ugonjwa wa viungo, kwa kuwa binti yake mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa namna hiyo. Emily alipewa dawa hiyo, homa ikashuka, na kansa haikuonekana tena.

Tarehe 30 mwezi wa nane mwaka 2017 Marekani ilikubali tiba hiyo rasmi kwa watoto na vijana wenye kansa ya damu. Bei iliyotangazwa: dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja.

Kurudi kwenye ovari

Baada ya ushindi huo watafiti walirudi tumboni, sasa na seli zenye ishara mbili. Haikuwa rahisi. Wakati huo walikuwa wamekwisha kuona hatari ya kuchagua mlango usiofaa: mwaka 2010 kundi la Bethesda liliripoti kifo cha mgonjwa wa kansa ya utumbo mpana aliyetiwa seli za kutafuta alama iitwayo HER2. Alama hiyo ipo pia, kwa kiasi kidogo sana, kwenye mapafu. Katika dakika 15 mgonjwa alishindwa kupumua, na baada ya siku tano akafa. Tangu hapo dozi za kwanza huanzia chini, na watafiti huuliza mara mbili alama inapatikana wapi kwingine.

Pennsylvania walijaribu alama ya mesotelini kwa wagonjwa 15, wakiwemo wenye kansa ya ovari. Kwa 11 kansa ilisimama kwa muda bila kuendelea. Kupungua kwa kweli hakukuonekana. New York walichagua alama ya MUC16, na seli zao waliziingiza pia moja kwa moja tumboni, ili zisipotee njiani. Tampa, jimbo la Florida, wanajaribu mlango wa homoni ambao karibu upo kwenye ovari peke yake. Na Ujerumani, kampuni ya BioNTech, ileile iliyotengeneza chanjo ya Covid pamoja na Pfizer, ilitia seli za kutafuta alama ya klodini 6 na kuongeza chanjo ya kuzipa nguvu. Katika matokeo yake ya mwanzo, baadhi ya wagonjwa walipungukiwa uvimbe, na kati yao walikuwamo wenye kansa ya ovari. Ni matokeo ya watu wachache, lakini wale wa mwaka 2006 hawakuwa hata na hayo.

Ukuta mkubwa uliobaki ni mazingira ya kansa yenyewe. Uvimbe wa ovari umezungukwa na maji yanayojaa tumboni, hewa ya oksijeni ni kidogo, na chembe zingine zilizohongwa na kansa huwatuliza walinzi hadi walale. Tena katika mwanamke mmoja si chembe zote za kansa zenye alama ileile. Zikifa zenye alama, zisizokuwa nayo hubaki na kuzaana. Mwaka 2024 Marekani ilikubali kwa mara ya kwanza seli T zilizobadilishwa jeni kwa kansa ya uvimbe mgumu, lakini ni ya aina adimu ya sarkoma. Ya ovari haijakubaliwa popote. Iko katika majaribio.

Na ule mlango wa asidi foliki uliochaguliwa na Hwu na Eshhar? Ulikuwa mlango sahihi. Mwezi wa 11 mwaka 2022 Marekani ilikubali dawa ya mirvetuksimabu, ambayo ni kingamwili iliyofungiwa sumu, kwa wanawake ambao kansa yao ya ovari imekataa dawa za platini. Inashika mlango uleule. Anayebisha hodi amebadilika, basi. Wanawake 14 waliokubali kutolewa damu walikuwa wameelekezwa mahali sahihi, na majina yao hayakuandikwa katika taarifa.

Mwanamke wa hapa

Katika Congo tiba ya seli zilizobadilishwa haipo. Wenye uwezo huvuka kwenda Kampala, Nairobi au India kutafuta matibabu ya kansa. India ilikubali tiba yake yenyewe ya namna hiyo mwaka 2023, iliyotengenezwa Mumbai kwa bei ya karibu dola 50,000, lakini nayo ni ya kansa ya damu. Kwa hiyo mtu anayepita mitaani au kambini akiuza chupa, au akiomba pesa za kumpeleka mama mahali ambapo kansa ya ovari inaponyeshwa kwa seli za kinga, anasema uongo. Majaribio ya kweli hayauzwi kwa chupa.

Kinachopatikana ni kugundua mapema kidogo, kupasuliwa na mtu anayejua, na shimioterapi mahali ilipo. Shida ni kwamba dalili zinafanana na mambo ya kila siku. Tumbo linajaa na kubaki limejaa. Mama anakula vijiko vitatu vya ugali anahisi ameshiba. Nyonga inauma. Anakojoa mara nyingi kuliko zamani. Wengine hudhani ni minyoo, wengine mimba ya uzeeni, wengine wanasema amelishwa karuho na kumpeleka kwanza kutapishwa, na miezi inapita. Katika familia zilizokimbia, mama mwenyewe ndiye wa mwisho kusema anaumwa, kwa sababu kuna watoto, kuna foleni ya maji, na aliyepungua uzito haonekani wa ajabu mahali ambapo wote wamepungua.

Dalili hizo zikikaa karibu kila siku kwa wiki mbili au tatu, hasa kwa mwanamke aliyepita miaka 50, au ambaye mama yake au dada yake alikuwa na kansa ya ziwa au ya ovari, aombe apimwe nyonga na afanyiwe ekografi. Baadhi ya labo za miji mikubwa hupima pia CA-125, kitu ambacho Robert Bast na wenzake walianza kukifuata huko Boston mwaka 1981, na ambacho ni kipande cha ile MUC16 wanayoiwinda New York. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwa kuwa hupanda pia kwa mimba, kwa hedhi na kwa kifua kikuu cha tumbo. Kifua kikuu cha tumbo, ambacho nacho hujaza maji, kina dawa, na kinapona.